Funguo za Ghaibu na Mipaka ya Mfasiri

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wangu, walimu wangu, ndugu zangu wa kike na wa kiume: sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichikana na yaliyo dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Mmenipa mada ya elimu ya ghaibu, yaani yale yaliyofichikana na hisia na akili za watu, katika tafsiri za Qur'ani za zama zetu. Ni mada pana mno, kwa hiyo nitaacha mengi na kukaa pale panapotuuma. Hoja yangu naitanguliza. Aya za ghaibu zilishuka kumvua mwanadamu, awe mfalme, kahini au mwanachuoni, madai ya kushika elimu isiyo yake na kuitumia juu ya wenzake. Tafsiri nyingi za karne hizi mbili zimezigeuza aya hizo kuwa uwanja wa mashindano. Huyu anataka kuthibitisha kwamba sayansi imeshaingia ndani ya ghaibu. Yule anataka kuthibitisha kwamba haitaingia kamwe. Wa tatu anadai kwamba shekhe wake alishaingia siku nyingi. Wote watatu wanagombea umiliki, na umiliki ndio aya zilioukataa tangu mwanzo.

Tuanze na maandiko yenyewe. Mwanzoni mwa Suratul Baqara, sifa ya kwanza ya wachamungu ni kwamba wanaamini ghaibu. Imetajwa kabla ya swala na kabla ya kutoa. Suratul An'am, aya ya 59, inasema kwamba funguo za ghaibu ziko kwa Mwenyezi Mungu, hakuna azijuaye ila Yeye, kisha inashuka mpaka kwenye jani linalodondoka na punje iliyo katika giza la ardhi. Suratun Naml, aya ya 65, inaufunga mlango: hakuna aliye mbinguni wala ardhini ajuaye ghaibu isipokuwa Mwenyezi Mungu. Halafu Suratul Jinn, aya ya 26 na 27, inaufungua kwa kiasi: hamdhihirishii yeyote ghaibu yake, isipokuwa mtume aliyemridhia.

Maulamaa walizipatanisha aya hizi kwa kugawa ghaibu mafungu mawili. Ipo ghaibu mutlaki, ambayo haijui yeyote ila Mwenyezi Mungu, kama wakati wa Kiyama. Ipo pia ghaibu ya kiasi, iliyofichikana kwa mmoja na kudhihirika kwa mwingine. Qur'ani yenyewe inatupa mfano wake. Baada ya kusimulia gharika ya Nabii Nuhu, Suratu Hud, aya ya 49, inamwambia Mtume (S.A.W.) kwamba hizi ni katika habari za ghaibu, hukuwa ukizijua wewe wala watu wako kabla ya haya. Waliokuwa ndani ya safina waliyaona maji kwa macho yao. Kwao haikuwa ghaibu hata kidogo. Kwa Mtume ilikuwa ghaibu mpaka wahyi ulipomjia. Mgawanyo huu naomba muushike, kwa sababu kila ninapomwona mfasiri ameteleza katika mlango huu, naona ameusahau.

Sasa twende kwenye karne ya kumi na tisa. Bara Hindi lilikuwa limetoka kwenye uasi wa 1857 na kisasi cha Waingereza kilichofuata. Sayyid Ahmad Khan, aliyeanzisha chuo cha Aligarh mwaka 1875, aliamini kwamba neno la Mungu haliwezi kugongana na kazi ya Mungu, yaani Qur'ani haiwezi kupingana na maumbile. Msingi huo hauna ubaya. Lakini akaenda mbele zaidi: malaika akawasoma kuwa ni nguvu zilizomo ndani ya viumbe, na miujiza mingi akaitafutia maelezo ya kawaida. Upande wa Misri, nchi iliyokaliwa na Waingereza tangu 1882, Sheikh Muhammad Abduh alikuwa akipigana na vita viwili kwa wakati mmoja. Alipigana na wageni waliosema kwamba Uislamu ni adui wa akili, na pia na Waislamu wenzake waliojaza dini hirizi, makaburi na hadithi za kubuni.

Mwaka huohuo wa 1882 Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Habari za vijidudu ndizo zilizokuwa habari za dunia. Basi Abduh alipofika Suratul Fil katika tafsiri yake ya Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, akasema kwamba yaruhusika kuamini kuwa wale ndege waliotumwa kwa jeshi la Abraha, aliyekuja na tembo kuibomoa Kaaba, walikuwa aina ya mbu au nzi wabebao vijidudu vya maradhi, na akategemea riwaya zisemazo kwamba ndui ilionekana Arabuni mwaka ule. Mwanafunzi wake, Rashid Rida, aliyeanzisha jarida la Al-Manar mwaka 1898, akachapisha katika tafsiri yao wazo kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho huenda ni aina mojawapo ya majini.

Ndugu zangu, tusiwacheke wazee hawa. Abduh alitaka kijana wa Kiislamu aliyesoma shule za kisasa asilazimike kuchagua kati ya akili yake na Mola wake. Nia hiyo ilikuwa njema, na wengi katika sisi tuliosoma sayansi tukabaki tunaswali tuna deni kwake. Isitoshe, Abduh ndiye aliyesisitiza kwamba pale Qur'ani iliponyamaza, mfasiri naye anyamaze: usitaje jina la kijiji ambalo Qur'ani haikulitaja, usihesabu idadi ambayo haikuhesabu, usijaze habari za ghaibu kwa visa vilivyookotwa huku na kule. Kanuni hii ni ya thamani kubwa kuliko maelezo yake ya Suratul Fil. Tatizo ni kwamba katika Suratul Fil aliiacha kanuni yake mwenyewe. Alikataa visa vya zamani visivyo na dalili, kisha akaweka mahali pake kisa kipya kilichotoka maabara.

Sayyid Qutb, mfasiri mwingine wa Misri, aliliona hilo. Katika tafsiri yake, Fi Zilal al-Qur'an, kwenye sura hiyohiyo, anamtendea Abduh haki: anaeleza kwamba mazingira ya kupambana na ushirikina, pamoja na mshangao wa watu mbele ya sayansi, ndiyo yaliyoisukuma shule ile ipunguze kila jambo lisilo la kawaida. Kisha anasema kwamba akili ya mwanadamu, yenye mipaka ya uzoefu wake, haiwezi kupewa cheo cha hakimu juu ya andiko. Mimi nakubaliana na Qutb hapa, ingawa nina hofu moja. Neno lake likishikwa na mtu mvivu, linakuwa ruhusa ya kuamini lolote. Kukataa kupunguza ghaibu hakukupi haki ya kuiongeza.

Hapo ndipo naja kwenye aya inayoulizwa kuliko zote, ya mwisho ya Suratu Luqman. Kwa Mwenyezi Mungu iko elimu ya Saa. Yeye huteremsha mvua. Anajua yaliyomo matumboni. Hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Na hakuna nafsi ijuayo itafia nchi gani. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar na iliyomo katika Sahihi Bukhari, aliyaita mambo haya matano funguo za ghaibu.

Kwa karne nyingi aya hii haikumsumbua mtu. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za kwanza za matumbo ya wanawake zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti. Baada ya miaka kadhaa daktari akaweza kumwambia mama kwamba amebeba mtoto wa kike. Swali likaja: aya inasemaje? Wapo waliokimbilia kukanusha kwamba mashine inaweza kuona. Wapo waliosema kimyakimya kwamba aya imepitwa. Na wapo waliotafuta mpaka wa wiki: wakasema kwamba kabla ya kiungo kuumbika ni ghaibu, na baada ya kuumbika si ghaibu tena. Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudi Arabia alijibu kwa njia iliyo karibu na hiyo, kwamba kiumbe kikishaumbwa kimetoka katika ghaibu mutlaki, na kwamba yanayofichikana zaidi ni umri wake, matendo yake, riziki yake na mwisho wake. Sehemu ya pili ya jibu lake ndiyo yenye nguvu. Sehemu ya kwanza, ikishikwa peke yake, sayansi iliifuata nyuma ikaipata. Mwaka 1990 wataalamu wa uzazi waliripoti kwamba wameweza kujua jinsia ya kiinitete nje ya mwili, kabla hakijawekwa tumboni. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake waligundua kwamba chembechembe za urithi za mtoto zinaelea ndani ya damu ya mama, na leo tone la damu linatosha kujua jinsia katika wiki za mwanzo kabisa. Kila aliyechora mstari kwenye kalenda ya ujauzito alilazimika kuufuta.

Ajabu ni kwamba jibu lilikuwepo karne sita kabla ya mashine. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, anaandika katika tafsiri ya aya hii kwamba hakuna ajuaye kilichomo tumboni ila Mwenyezi Mungu, lakini akishaamrisha kiwe cha kiume au cha kike, chenye mashaka au chenye furaha, wanajua malaika waliowakilishwa na anajua amtakaye katika viumbe vyake. Hakuwa na haja ya kutetea kitu. Alijua kwamba elimu ya Mola haina chombo, haina hatua na haina makosa, wala haingoji kitu kitokee. Elimu ya kiumbe, awe malaika au daktari, inakuja baada ya amri na kwa sababu iliyowekwa. Kuhusu hayo mengine yaliyomo matumboni, Ibn Mas'ud amepokea kwamba malaika hutumwa kwa kiumbe tumboni akaandika mambo manne: riziki yake, muda wa maisha yake, matendo yake, na kama ni wa mashaka au wa furaha. Sheikh Muhammad Mutawalli al-Sha'rawi, aliyefariki mwaka 1998 baada ya kuwafasiria Qur'ani mamilioni ya watu kwa televisheni, alilieleza jambo hili kwa lugha ya kila mtu: mmejua ni mume au mke, haya, atakuwa nani?

Kuhusu mvua nitasema kwa ufupi. Tangu setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, ilipopaa tarehe 1 Aprili 1960, utabiri wa siku chache umekuwa wa kutegemewa, na unaokoa roho za watu wakati wa vimbunga. Mwaka 1963 Edward Lorenz alionyesha kwamba tofauti ndogo mno mwanzoni mwa hesabu huivuruga baada ya muda, na wataalamu wanakubaliana kwamba utabiri wa kina wa kila siku hauwezi kuvuka takriban wiki mbili. Nimewasikia wahubiri wakilishangilia hilo: mwaona, wameshindwa, aya ni kweli. Naomba tuache. Imani inayofurahia kosa la mtabiri wa hali ya hewa itahuzunika siku akipatia. Mtabiri anasoma mawingu yaliyokwishaumbwa, upepo uliokwishavuma na bahari iliyokwishapata joto, kisha anakisia kwa daraja la uwezekano, na mwenyewe hukuambia asilimia yake. Hiyo ni elimu ya sababu, na sababu ni za Mwenyezi Mungu. Anayeisikiliza na kuhama bondeni kabla ya mafuriko hajagusa tauhidi yake.

Lakini turudi tumboni, kwa sababu kuna jambo ambalo wafasiri wengi wamelipita wakiwa na haraka ya kuitetea aya. Walijadili kama mwanadamu anaweza kujua. Wachache walijadili kile anachofanya akishajua. Mashine ileile iliyokuja kumwokoa mama na mtoto ilitumika, katika nchi zaidi ya moja, kuwatoa mimba wasichana kwa sababu ni wasichana. India ililazimika kutunga sheria mwaka 1994 ya kukataza kutafuta jinsia ya mtoto aliye tumboni. Sasa isomeni tena Suratun Nahl, aya ya 58 na 59: mmoja wao anapopewa habari ya mtoto wa kike, uso wake husawijika, akajificha na watu kwa ubaya wa habari aliyopewa, akawaza je, amweke kwa fedheha au amfukie udongoni? Habari imetangulizwa miezi kadhaa. Uso ni uleule. Na Suratut Takwir inamleta msichana aliyezikwa hai aulizwe aliuliwa kwa kosa gani. Mfasiri wa leo anayeandika kurasa nyingi kuhusu mawimbi ya sauti kwenye Suratu Luqman, kisha akapita kimya hapa, ameisoma nusu ya Qur'ani.

Kujua na kuwa na haki ya kutenda ni mambo mawili. Kisa cha Musa na mja mwema, ambaye hadithi zinamwita Khidhri, kimesimama hapohapo. Khidhri alimuua kijana kwa kile alichofunuliwa kuhusu mustakabali wake, na Musa, Mtume mwenye sheria, akalipinga. Watu wamekitumia kisa hiki kudai kwamba wapo walio juu ya sheria kwa sababu wanaona yasiyoonekana. Masahaba walilifunga jambo hili mapema. Najda, kiongozi wa Makhawariji, kundi la mwanzo lililojitenga na kuwapiga vita Waislamu wenzao, alimwandikia Ibn Abbas kumuuliza kuhusu kuwaua watoto wa maadui. Ibn Abbas akamjibu, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akiwaua watoto, na wewe usiwaue, ila kama unajua kutoka kwao kile Khidhri alichokijua kwa yule kijana. Yaani hujui, na hutajua. Sijui jawabu fupi zaidi kuhusu siasa ya ghaibu. Ibn Abbas hakukikana kisa cha Khidhri wala hakukipunguza. Alikiacha kwa mwenyewe, akamnyang'anya upanga mtu aliyetaka kujificha nyuma yake.

Nimesema siasa kwa makusudi. Ukizipanga aya na hadithi za ghaibu utaona kila mara kuna mtu anavuliwa mamlaka. Nabii Sulaiman alifariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini waliokuwa wakimtumikia hawakujua mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo akaanguka. Suratu Saba, aya ya 14, inasema kwamba lau wangejua ghaibu wasingekaa katika ile adhabu ya kudhalilisha. Wanaowaogopa majini kwa kudhani wanajua ya kesho waisome aya hiyo kila asubuhi. Ibrahim, mwana wa Mtume, alipofariki jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Baba aliyefiwa, ambaye angeweza tu kunyamaza, akasimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Tena Rubayyi binti Muawwidh anasimulia kwamba Mtume aliingia kwake alipoolewa, na vijana wa kike walikuwa wakipiga dufu na kuwaimbia wazee wao waliouawa siku ya Badr. Mmoja akaimba: na kwetu yuko Nabii ajuaye ya kesho. Mtume akamwambia aliache hilo, aseme aliyokuwa akiyasema. Hakumkemea na hakusimamisha dufu. Ubeti mmoja tu ndio uliondolewa.

Hapa ndipo panapoingia mjadala uliowagawa Waislamu wa Bara Hindi na ambao umefika mbali. Maulana Ahmad Raza Khan wa Bareilly, akiwa Makka mwaka 1905, aliandika risala ya kutetea kwamba Mtume alipewa elimu pana ya yaliyokuwa na yatakayokuwa, huku akisisitiza kwamba elimu hiyo ni ya kupewa, ina mpaka, na haifanani na elimu ya Mwenyezi Mungu iliyo ya dhati yake. Maulamaa wa Deoband, chuo kingine cha Bara Hindi, walimpinga vikali, na maneno makali sana yakarushwa pande zote mbili. Allama Tabataba'i, mfasiri wa Kishia aliyefariki mwaka 1981, naye katika tafsiri yake, Al-Mizan, aliipatanisha Suratul Jinn na aya nyingine kwa tofauti hiyohiyo ya elimu ya dhati na elimu ya kufundishwa.

Nikizisoma pande hizi kwa utulivu naona kwamba hakuna hata mmoja anayesema kuwa kiumbe anajua kwa nafsi yake. Wanabishania kiasi cha kilichotolewa. Na kwenye kiasi, naona salama ni kusimama na kauli ambayo Mtume mwenyewe aliamrishwa kuitamka katika Suratul A'raf, aya ya 188: lau ningelijua ghaibu ningejizidishia kheri nyingi, wala lisingenigusa baya. Alifunuliwa mengi, naam. Aliwaeleza watu habari za Warumi, kwamba baada ya kushindwa watashinda katika miaka michache, na ikawa. Alizungumza habari za kaburi, za Pepo na za Moto kwa undani ambao hatuna njia nyingine ya kuujua. Lakini alipouliziwa Saa mbele ya masahaba, akajibu kwamba anayeulizwa hajui zaidi ya anayeuliza. Mapenzi ya kweli hayahitaji kumpa zaidi ya alichojipa.

Ninachokihofia zaidi ni mteremko. Kipawa cha kufunuliwa ghaibu kinaanza kwa Mtume, na kwa Mtume kina dalili, kwa kuwa ni wahyi. Kisha kinashuka kwa walii, kwa jina la karama, yaani jambo lisilo la kawaida analotunukiwa mja mwema. Kutoka kwa walii kinamfikia mjukuu wa walii, na kwa mjukuu kinamfikia mtu aliyeketi na kitabu cha nyota anayemwambia mama mwenye mtoto mgonjwa kwamba aliyemroga ni jirani yake. Nyumba mbili zinavunjika kwa neno moja. Hadithi ya Sahihi Muslim, kwamba mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo haikubaliwi swala yake siku arubaini, imekusudiwa kuwakinga hao mama na jirani kabla ya kitu kingine.

Zama zetu zimeleta mtabiri mwenye kompyuta. Rashad Khalifa, mtaalamu wa biokemia mzaliwa wa Misri aliyeishi Marekani, alizihesabu herufi za Qur'ani kwa kompyuta katika miaka ya 1970, akadai kwamba kitabu chote kimefungwa kwa namba 19, inayotajwa katika Suratul Muddathir. Wengi walimshangilia mwanzoni. Kisha aya mbili za mwisho wa Suratut Tawba zikakataa kuingia katika hesabu yake. Badala ya kuitupa hesabu, akazitupa aya. Akadai utume. Akatangaza kwamba dunia itamalizika mwaka 1710 wa Hijria, sawa na 2280 Miladia. Aya inayofuata ile inayoitaja kumi na tisa inasema wazi kwamba idadi hiyo haikufanywa ila iwe mtihani, naye alikuwa ameipita akienda kuhesabu. Wala asidhani mtu kwamba kosa hili ni la waliopotoka tu. Imam Suyuti, bahari ya elimu, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala ya kuwajibu waliosema kwamba umma hautavuka miaka elfu moja. Aliwajibu vizuri, kisha kwa kuunganisha riwaya dhaifu akakadiria kwamba hautafika elfu moja na mia tano. Mwaka 1500 wa Hijria watoto wanaozaliwa leo wataufikia, Mungu akiwajaalia umri. Ndiyo maana Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar tangu 1958 mpaka alipofariki 1963, na Amin al-Khuli kabla yake, waliwaonya wafasiri wasiifunge Qur'ani kwenye nadharia na hesabu zinazobadilika. Shatibi wa Andalusia alikuwa amelisema katika karne ya kumi na nne.

Kuna swali lililoletwa kwangu kwa maandishi kabla ya mkutano huu, na nitamalizia kwa kulijibu. Aliyeandika anauliza: leo programu za akili mnemba zinatabiri nani ataugua, nani hatalipa mkopo, nani atatenda kosa. Je, huku si kujua nafsi itachuma nini kesho?

Ndugu yangu uliyeuliza, ahsante. Programu hizo zimelishwa rekodi za watu waliopita, na zinakwambia kwamba watu wanaofanana na wewe walifanya hivi. Hiyo ni dhana, pengine dhana yenye nguvu. Daktari akiambiwa na programu kwamba mgonjwa wake yuko hatarini, akamwita mapema akampima, amefanya kheri, na sioni aya inayomzuia. Lakini mtu akinyimwa kazi au akifungwa kwa kosa ambalo hajalitenda, kwa sababu mashine imesema atalitenda, basi tumerudi kwa Najda na barua yake. Suratul Israa, aya ya 36, imetukataza kufuata tusiyo na elimu nayo. Mtu hahukumiwi kwa kesho yake. Toba yake ya usiku wa leo haimo katika rekodi yoyote iliyolishwa mashine. Wanaotunga sheria za programu hizi wanahitaji kulisikia hilo kutoka kwa wanachuoni, kwa lugha wanayoielewa, na mpaka sasa tumewaachia uwanja. Hiyo ndiyo kazi ningependa kuiona kwa wanafunzi wa tafsiri walioketi safu za nyuma: chukueni jawabu la Ibn Abbas, mliandikie ufafanuzi, mlipeleke kwa majaji na wahandisi.

Wallahu aalam. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.